Nilisema Kakamega haina sanaa ya mtaani, nikiwa nimeiegemea

Ya leo ni ya kuomba msamaha, alafu baada ya msamaha kuna maneno nataka tubishanie.

Wiki kadhaa zilizopita niliweka vidio fupi, haifiki hata dakika moja. Nilikuwa nimetoka kutazama vidio za wasee wa Nairobi wakizunguka mitaa yao kwa miguu: ukuta baada ya ukuta umechorwa nyuso kubwa kubwa, wanasimama kula mutura, wanacheka, wanaendelea. Mimi nikasimama hapa kwetu Kakamega, simu mkononi, nikasema na sauti ya mtu anayejua: "Shida ya huu mji ni moja. Hakuna sanaa ya mtaani. Hakuna kitu ya kupiga picha." Ikaenda vizuri. Wengi walikubaliana na mimi, wengine wakaongeza matusi yao.

Alafu akaja mtu mmoja, hana hata picha kwa akaunti yake, akaandika maneno manne: "Na hiyo umeegemea nini?"

Nikarudi kuangalia vidio yangu mwenyewe. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta wa kinyozi. Ukuta wa samawati, na vichwa vitatu vimechorwa kwa mkono, kila kimoja na staili yake. Cha kwanza kimenyolewa pembeni kikaachwa juu. Cha pili kina mawimbi. Cha tatu ni cha mzee mwenye ndevu zimekatwa mstari safi. Hicho cha katikati kilikuwa kinaangalia shingo yangu ni kama kinauliza, "Huyu anasema nini?"

Nikaona aibu. Ile aibu ya kuzima simu na kuiweka chini ya mto.

Kwa hivyo Jumamosi iliyofuata nikajiwekea sheria: natembea kutoka Lurambi mpaka mjini kwa miguu, hakuna boda, hakuna haraka. Simu inakaa mfukoni mpaka nione kitu kwa macho kwanza. Na chakula nitakachokula ni cha njiani tu, na nitalipia. Hiyo ya kulipia mtaelewa mbele kwa nini naitaja.

Unajua shida ya boda? Ukiwa nyuma ya boda, Kakamega ni mgongo wa mtu aliyevaa koti. Unafika, lakini hujapita mahali. Ukitembea ndio unaanza kuona mji huu umeandikwa kutoka chini mpaka juu. Bucha ina ng'ombe amechorwa akitabasamu, ni kama hajaambiwa yuko kwa bucha. Mahali pa kusaga mahindi pamechorwa gunzi kubwa kuliko mlango. Saluni ina mwanamke mwenye shingo ndefu kama twiga na nywele ambazo hakuna msusi duniani amewahi kuzimaliza. Fundi wa viatu amechorwa kiatu kimoja tu, cha kushoto, na ni kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo mezani. Na boda zenyewe, zile raba za nyuma za kuzuia matope, zimeandikwa methali, majina ya watoto na mistari ya Biblia. Hata huyo boda niliyemkataa alikuwa amebeba sanaa.

Na hii kitu ina historia. Wengi wetu tulikuwa wadogo ama hatukuwa tumezaliwa wakati sheria za Michuki zilikuja, Februari 2004, na matatu zote zikaambiwa zivae mstari wa manjano. Michoro ikapigwa vita. Michoro haikufa, ilisubiri, na leo kuna watu wanasafiri kutoka ng'ambo kuja kupiga picha matatu za Nairobi. Mwaka 2012, Boniface Mwangi na wachoraji aliokuwa nao walichora wanasiasa kama tai kwa ukuta wa katikati ya Nairobi, na nchi nzima ikazungumza. Kwa hivyo najua nguvu ya ukuta, sikatai. Kosa langu lilikuwa kudhani ukuta lazima uwe mkubwa, uwe Nairobi, na uwe na hasira ndio uhesabike.

Nikapita MMUST. Hapo huwa natembea haraka kidogo, kwa sababu kuna wasee tulianza nao mwaka wa kwanza, wao wakaendelea na mimi nikaacha, na swali lao huwa ni lile lile. Lakini njaa haina aibu. Upande wa pili wa barabara kuna kibanda cha chapo madondo ambacho ukuta wake wa mabati ni menyu nzima, imeandikwa kwa rangi nyekundu na kivuli cheusi: ugali mboga, ugali omena, ugali kuku, chapo madondo, chai. Herufi zimesimama wima kama askari. Pembeni kuna kuku amechorwa. Sisi tunajua ingokho si mzaha, na huyo kuku amechorwa kwa heshima yote: kifua mbele, kilemba chekundu, jicho linakupima.

Na chini yake, juu ya ngazi ya mbao, kulikuwa na mzee mmoja anamalizia mkia.

"Mulembe, mzee. Naweza kuona kazi?"

"Kuona ni bure," akasema bila kugeuka. "Kushika ndio shida. Haijakauka."

Nikakaa kwa benchi nikaagiza chapo mbili na madondo. Sasa hapa ni lazima niseme ukweli, maana nilisema nakuja kuomba msamaha. Kama miezi minne nyuma nilikuwa nimekuja kwa hicho hicho kibanda, na nikamwambia mwenyewe, "Senje, nipe sahani moja, mimi nitakutangaza kwa wafuasi wangu." Aliniangalia kutoka viatu mpaka kichwa, akauliza: "Hiyo kutangazwa, huwa inapimwa kwa gorogoro ama kwa kasuku?" Watu wote wa benchi walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini kile kicheko cha mtu anayetafuta mlango.

Safari hii nililipa kabla ya kula. Senje akatabasamu, hakusema kitu.

Mzee fundi akashuka, akaosha mikono kwa jagi, akakaa. Kabla hajaagiza, sahani ikaja. Hakulipa. Badala yake senje akatoa daftari, akapiga mstari mmoja wa kalamu, akarudisha daftari chini ya meza. Nikauliza hiyo ni ya nini. Kumbe ile menyu ya ukutani ndio inaliwa hapo. Walikubaliana: nusu pesa ya rangi na brashi mkononi, nusu nyingine chakula cha mchana mpaka daftari liseme imeisha. Kuku wa ukutani analipwa na madondo ya sufuriani.

Nikaacha kutafuna. Kwa sababu mimi nilikuwa nafikiria sanaa ni kitu kimoja na chakula ni kitu kingine, kimoja cha kupiga picha, kingine cha kula baada ya picha. Kumbe hapa ni daftari moja. Bila menyu, mpita njia hajui kuna ugali. Bila ugali, fundi hana nguvu ya kupanda ngazi. Na mimi nilikuwa nimekuja miezi minne nyuma kutaka vyote viwili bila mstari hata mmoja kwa daftari.

Nikampa simu aone ile vidio yangu. Sijui kwa nini. Labda nilitaka anipigie kelele tumalize. Akaitazama yote, hakubadilisha uso. Alafu akasema, "Hiyo ya kinyozi ni yangu."

"Pole, mzee."

"Umesema hakuna kitu." Akairudia tena mwanzo. "Sawa, hayo ni maoni. Lakini ungeacha namba ionekane."

Nikaangalia. Fundi hawa hawaandiki majina. Sahihi yao ni namba ya simu, ndogo, kwa kona ya chini. Na mimi wakati napanga vidio niliikata ile kona, kwa sababu niliona inachafua picha. Fikiria hiyo. Kitu pekee kwa ule ukuta ambacho kingemletea yule mzee kazi, mimi ndio nilikiita uchafu.

Sasa wacha niwaambie kuhusu msee mwingine wa kuchora mabango. Chéri Samba alizaliwa mwaka 1956 huko Kongo. Mwaka 1972 akaacha shule, akaenda Kinshasa kujifunza kuchora mabango ya biashara, kazi hii hii ya vinyozi na maduka. Mwaka 1975 akafungua karakana yake mwenyewe. Akaanza kuandika maneno ndani ya picha zake, ili mpita njia asiangalie tu na kuondoka, asimame asome. Mwaka 1989 kazi zake zilikuwa Paris, kwa maonyesho makubwa ya Centre Pompidou. Na jirani zetu Tanzania, Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 pale Dar es Salaam na vipande vya mbao na rangi ya mafuta, zile rangi za kupaka baiskeli. Alifariki mwaka 1972, kazi ya miaka michache tu, lakini leo jina lake limekuwa jina la uchoraji mzima. Rangi ni ile ile aliyonayo fundi wetu kwa mkebe. Tofauti kubwa ni kwamba kuna mtu alikumbuka kuandika jina.

Sisemi kila kinyozi ana Chéri Samba ukutani. Kuna kazi zingine, aki, mpaka mchoraji angekana. Nimeona simba njia ya kuelekea sokoni ambaye ni mbwa mwenye huzuni. Lakini hata huyo simba ana mtu aliyemchora, na ana mtu aliyelipa.

Nikaendelea kutembea mpaka soko. Kama unataka kujua Kakamega inakula nini, usianzie hotelini, anzia kwa akina mama waliokaa chini na mboga: tsisaka, likhubi, lisutsa, mrenda umefungwa mafungu. Njugu kwa vikombe. Mvua zikianza kuna chiswa, na mtu akikunja uso ujue ni mgeni. Alafu kuna wale wazee na vijana wanaouza mukombero, ile mizizi, wanatembea nayo mkononi imefungwa vifurushi. Nikanunua, nikatafuna nikielekea Muliro Gardens. Najua kuna utani wenu kuhusu Muliro Gardens, tuuache hapo. Nilikaa kwa nyasi kama watu wengine wenye heshima zao, nikaanza kuandika hii kitu.

Na ingeishia hapo, ingekuwa stori ya furaha. Lakini kabla ya mvua ya saa tisa, ile ambayo Kakamega hatukosi, nikaamua nipite kwa kinyozi nipige ile kona na namba yake vizuri.

Nilikuta ukuta ni rangi moja. Kampuni fulani, siitaji jina na wala si moja tu inayofanya hivyo, ilikuwa imepitia ile safu yote ya maduka. Kinyozi, duka la simu, duka la dawa, zote rangi moja, nembo moja, herufi moja. Vijana walikuwa bado wanakunja ngazi zao. Vichwa vitatu, vimeenda.

Nikamuuliza mwenye kinyozi kwa nini alikubali. Na jibu lake lilikuwa na akili, siwezi kumdharau. "Kijana, wamepaka bure. Na wameniletea bango. Ukuta ulikuwa umeanza kubambuka. Fundi ningemlipa na nini mwezi huu, na kodi iko?"

Hapo ndio watu wengi wa mtandaoni hukimbia, kwa sababu ukishapata mtu wa kulaumu stori inakuwa rahisi. Mwenye kinyozi si adui. Rangi ya bure ni rangi ya bure. Lakini tuhesabu vizuri. Kampuni imepata ukuta mzima wa kujitangaza, mchana na usiku, kwa mikebe kadhaa ya rangi. Mwenye kinyozi ameokoa gharama ya mara moja, lakini sasa mtu akipita hajui kama hapo wananyoa ama wanauza laini. Fundi amepoteza kazi, na pia amepoteza tangazo lake, kwa sababu ukuta ndio ulikuwa ofisi yake. Na mji umepoteza sura. Sai ukipigwa picha mbele ya hiyo safu, hakuna mtu atajua uko Kakamega, Kitale ama Machakos.

Alafu nikagundua kitu kilichoninyima usingizi. Picha safi pekee ninayojua ya vile vichwa vitatu iko kwa simu yangu. Ni ile vidio. Ile nasema hakuna kitu. Na namba imekatwa.

Mwaka 2014 UNESCO iliweka Isukuti yetu, ngoma ya Waisukha na Waidakho, kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Wengi husoma hiyo kama sifa, lakini isome tena: ni orodha ya vitu vilivyo hatarini. Isukuti ina bahati kwamba kuna watu waligundua mapema. Menyu ya kibanda hakuna mtu ataipeleka UNESCO. Ikipakwa, imepakwa, na kesho asubuhi watu watapita hapo wakienda kazi na hawatakumbuka kulikuwa na nini.

Kwa hivyo haya ndio maoni yangu, na mnaweza kunipinga.

Kwanza, sisi wa kontenti. Tumekuwa tukilia kwamba kazi yetu haiheshimiwi, watu wanachukua vidio zetu bila kututaja, wanatulipa na "asante kwa kututangaza". Alafu tunageuka na kumfanyia fundi na senje kitu hicho hicho. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mchoraji haki ya kutambuliwa kama mwenye kazi yake. Lakini hata kama hakuna sheria, kuna adabu. Ukipiga picha ukuta, piga na kona yenye namba. Ukipiga picha chakula, kilipie, ukile, umalize. Ukifika kibandani uliza kwanza, si kila mtu anataka sura yake iende mtandaoni. Hiyo ndio bei yetu ya kuingia. Ni ndogo sana.

Pili, wenye biashara. Chukueni rangi ya bure, hakuna anayewakataza. Lakini ombeni mbao moja, ama nusu mlango, ama upande wa pembeni, ubaki wa fundi. Waambie tu, "Pakeni, lakini kuku abaki." Hiyo sentensi haigharimu kitu. Ukuta wa senje pale Lurambi uko hivyo mpaka leo, kwa sababu alikataa kuku wake aguswe. Aliniambia wateja wanauliza, "Ni kwa kuku mwekundu?" Hiyo ndio anwani yake.

Tatu, kaunti. Nilienda kusoma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, pale kazi za kaunti zimeorodheshwa. Matangazo ya nje yako kipengele cha tatu, yamekaa pamoja na uchafuzi wa hewa, kelele na kero zingine za umma. Shughuli za utamaduni ziko kipengele kinachofuata, cha nne. Sasa kuku wa senje ni wa kipengele gani? Kwa karatasi ni tangazo, yuko karibu na kelele na moshi. Mimi nasema yuko na haki ya kuvuka aingie cha nne. Siku kaunti itataka ukuta upambwe kwa sababu kuna sherehe ama mgeni mkubwa, isitafute msanii wa mbali kabla ya kumpigia simu mtu ambaye amepaka huu mji miaka yote. Namba yake iko ukutani. Ama ilikuwa.

Vidio yangu ya kwanza sijaifuta. Nilifikiria, lakini nikaona kuifuta itakuwa kupaka ukuta mara ya pili. Nimeiacha, na juu yake nimeandika kwamba nilikosea, na kwamba vichwa vitatu mnavyoviona nyuma yangu vilichorwa na fundi wa Kakamega aliye hai na anayetafuta kazi. Nilirudi kibandani kumuuliza kama naweza kuweka namba yake pia. Akafikiria, akamaliza chai, akasema niiweke, lakini nisiweke sura yake, anadaiwa na watu wawili.

Alafu akaniuliza kama naweza kushika ngazi Jumatatu. Kuna saluni imempa kazi. Nilishika. Mkono wangu bado una rangi ya waridi haitoki, na senje amefungua ukurasa mwingine kwa daftari.

Kwa hivyo wikendi hii, kama uko Kakamega ama mji wowote unaoambiwa hauna kitu, shuka kwa boda mapema. Tembea kipande kimoja tu cha barabara. Kula kitu. Soma kuta. Alafu niandikie umeona nini, na namba ya kona usiikate.